Daktari wa jicho moja aliyeiona thamani ya chakula cha bibi yako

Ukipita Timbwani jioni, pua ndiyo inakukaribisha. Chipsi, viazi karai, bhajia, smoki pasua. Mimi mwenyewe tangu niache chuo nimeishi kwa hizo, manake ziko karibu na zinashibisha haraka. Jaribu kumtajia kijana wa hapa mtama na kunde, atakwambia hicho ni chakula cha wazee. Basi leo hebu nikupe habari za mzungu mmoja aliyekipa heshima hicho chakula cha wazee.

Jina lake Denis Burkitt. Alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipata ajali akapoteza jicho la kulia. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akaona hapa sipo, akahamia udaktari na kufuzu 1935. Kwa hivyo kama nawe umewahi kubadilisha njia katikati, hauko peke yako.

Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1946 akaenda Uganda, kwanza Lira, baadaye hospitali ya Mulago, Kampala. Huko, 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya. Mwingine angetibu na kusahau. Burkitt akaanza kuuliza: mbona ugonjwa huu uko sehemu hizi na zile haupo? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakatoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, hospitali baada ya hospitali, takriban kilomita 16,000. Saratani ile leo inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Angeweza kuishia hapo, sifa zimetosha. Lakini 1966 alirudi kuishi Uingereza, na mwaka uliofuata akakutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kuwa sukari na unga mweupe vinawaponza watu. Burkitt akakumbuka Mulago. Kidole tumbo kuvimba, vijifuko vya utumbo kuvimba, saratani ya utumbo mpana: kule aliviona kwa nadra, Uingereza vilikuwa vya kila siku. Akaanza kuandikia hospitali za misheni kote Afrika akiuliza wanaona wagonjwa gani.

Halafu akafanya jambo utakalolicheka: akapima choo. Ndiyo, kile kile unachokijua. Mwaka 1972 yeye, Alec Walker na Neil Painter walitangaza kuwa choo cha watu wa vijijini Afrika kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, na chakula kilipita tumboni haraka zaidi. Sababu aliyoitaja ni nyuzinyuzi, zile zinazobaki kwenye nafaka isiyokobolewa, kunde, mbaazi na mboga. Alizihubiri mpaka alipofariki 1993.

Je, alipatia yote? Hapana. Hospitali zetu zilikuwa chache, wagonjwa wengi hawakufika, na watu wetu wengi walikuwa vijana kuliko Waingereza aliowalinganisha nao. Nyuzinyuzi si dawa ya kila kitu. Lakini swali lake lilikuwa la maana, na sasa linajibiwa kwa damu.

Ukijikata kidole kinavimba, kinapata joto. Huo ni mchochota, mwili unapigana, na ni mzuri. Mbaya ni ule unaowaka chinichini miaka na miaka bila kukuuma, unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Nyuzinyuzi wewe huwezi kuzisaga tumboni. Wanaozila ni bakteria wa utumbo mpana, nao wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuupoza huo mchochota. Ukila chipsi tupu kila siku, bakteria hao wanalala njaa.

Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo kutoka Kilimanjaro, jirani zetu kabisa. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya kizungu, vya kukaanga na vya kiwandani, kwa wiki mbili. Damu yao ikaonyesha alama za mchochota zimepanda, na chembe za kinga zimepungua nguvu. Waliotoka kwenye vya kizungu kwenda vya asili, mchochota ukashuka. Wiki mbili tu! Na mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Sasa usinielewe vibaya, sikuambii uvunje karai la mtu. Anatafuta riziki. Ila hizo wiki mbili zinafanya kazi pande zote mbili, na hapo ndipo pa kushika. Mbaazi za nazi, mchicha, mhogo wa kuchemsha, uji wa wimbi, unga wa posho mill usiokobolewa: hivi vyote viko sokoni, na vingi havipiti bei ya chipsi na soda.

Mimi nimeanza na chajio. Nawe leo usiku bibi akikupakulia sima ya mtama na kunde, usiisukume sahani ukakimbilia stejini. Kaa ule, umuulize na anavyozipika.