Maisha ya Bwana Raiffeisen, Mzee wa Vyama vya Kuweka na Kukopa

Akina mama wenzangu, pamoja na wageni wetu mnaotuunga mkono, katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi nimepewa kazi ya kuandika habari za mtu ambaye jina lake wengi tumelisikia kwenye semina za ushirika bila kujua alikuwa nani. Ni Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani. Jina hilo hutamkwa Raifaizeni, msiogope maandishi yake. Alifariki mwaka 1888. Lakini jambo lililomsumbua maisha yake yote ndilo hilo hilo lililotukalisha mpaka jua likazama kwenye mkutano wetu uliopita. Wapo wanaotaka mfuko wa dharura ugawanywe wote katika sherehe hii, kila mtu achukue fungu lake akapunguze madeni ya nyumbani. Wapo wanaosema la hasha. Kabla ya kupiga kura, tusome kwanza maisha ya mzee huyu.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kwenye bonde la mto Sieg, akiwa mtoto wa saba katika watoto tisa. Baba yake aliwahi kuwa mkuu wa mji huo, kisha afya ikaharibika na nyumba ikaingia katika umaskini, mzigo wote ukamwangukia mama. Kwa hiyo shule ya juu hakwenda, ada ingetoka wapi? Mchungaji wa hapo ndiye aliyemfundisha. Akiwa na miaka 17 akajiunga na jeshi, akawa askari wa mizinga, mpaka ugonjwa wa macho ukamtoa mwaka 1843. Macho hayo yalimtesa hadi kaburini. Akaingia kazi ya serikali, na mwaka 1845 akafanywa mkuu wa tarafa ya Weyerbusch, yenye vijiji vya wakulima wadogo. Mwaka huo huo akamwoa Bibi Emilie Storck.

Hakukaa hata miaka miwili, njaa ikaingia. Ilikuwa majira ya baridi ya 1846 kuamkia 1847. Viazi vilikuwa vimeoza kwa ugonjwa, nafaka imekosekana, bei ikapanda juu. Sisi wa Singida tunaoijua miaka ya mvua haba, mtama ukakauka ungali mchanga, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Serikali ilileta chakula, lakini kwa sharti kwamba kiuzwe kwa fedha taslimu. Fedha yenyewe watu wangeitoa wapi? Raiffeisen akakataa sharti hilo, akawapa watu kwa mkopo. Halafu akawakusanya wenye uwezo, wakachanga, likajengwa tanuri la kijiji, mkate ukauzwa kwa bei nafuu kwa ahadi ya kulipa baadaye. Baada ya mavuno watu wakalipa. Ama kweli, wengi wetu tungesema maskini hawalipi.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko akakutana na adui mwingine, deni la ng'ombe. Mkulima asiye na ng'ombe hana maziwa, hana samadi, wala hana wa kuvuta jembe. Anakwenda kwa mlanguzi, anapewa ng'ombe kwa mkopo. Masharti yake hayaeleweki vizuri, ndama wanagawanywa, riba inapanda, na siku mkulima akikwama mlanguzi anachukua ng'ombe, pengine na shamba. Leo kwetu tunaiita mikopo ya kausha damu. Mwenzake ni yule mnunuzi anayekuja kununua alizeti yako ikiwa bado imesimama shambani, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu mtoto anatakiwa shule Jumatatu.

Mwishoni mwa 1849 Raiffeisen akaunda chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Wenye mali wapatao 60 wakajiweka dhamana kwa mali zao, chama kikakopa, kikanunua ng'ombe na kuwauzia wakulima walipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Hapo kuna jambo la kutazama vizuri. Deni halikufutwa. Lilihamishwa kutoka kwa mtu mwenye meno likapelekwa mahali penye riba ya haki na muda wa kupumua.

Mwaka 1852 akahamishiwa Heddesdorf, karibu na Neuwied kwenye mto Rhine, na mwaka 1854 akaanzisha chama kipya cha hisani chenye kazi nyingi mno: kulea watoto waliotelekezwa, kuwatafutia kazi wafungwa waliotoka, kununua ng'ombe, kukopesha. Kikamshinda. Matajiri waliokuwa wakitoa walichoka, mmoja mmoja akaanza kujitoa, maana waliokopa walikuwa wengine na waliobeba dhamana walikuwa wengine. Nadhani hapa ndipo mzee alipopata akili aliyotuachia. Mwaka 1864 akakigeuza kikawa chama cha mikopo ambacho anayetaka kukopa lazima awe mwanachama mwenyewe, na wanachama wote wanadhaminiana. Chama kiwe cha eneo dogo ambalo watu wanajuana. Viongozi wasilipwe, isipokuwa mhasibu. Mtu aweke hata senti chache.

Na kile kiasi kilichobaki kati ya riba iliyolipwa na wakopaji na ile waliyopewa wenye akiba, hakikugawanywa. Kiliingia katika mfuko wa chama ambao hauna mwenyewe, na hakuna mwanachama wa kudai fungu lake humo hata akihama. Hilo lilimletea ubishi mkubwa na Bwana Schulze-Delitzsch, Mjerumani mwenzake aliyeanzisha benki za mafundi na wafanyabiashara wa mjini. Huyo alitaka hisa, gawio, na mikopo ya muda mfupi. Raiffeisen akashikilia kwamba mkulima anavuna mara moja kwa mwaka, miezi mitatu haimfai kitu. Serikali ilipombana kuhusu hisa, akakubali hisa ndogo tu, faida iliyo nyingi ikaendelea kuingia mfukoni.

Kwa nini aling'ang'ania mfuko, na watu wake wana madeni? Tuchukue hesabu ya kwetu. Tuseme mama anadaiwa shilingi 200,000 na kikundi, na kila wiki anapata 10,000 za kulipia, riba tuiache pembeni. Akilipa zote, anamaliza wiki ya 20. Akilipa 8,000 na kuweka 2,000, anamaliza wiki ya 25, amechelewa wiki tano. Lakini wiki ya kumi mtoto akishikwa na malaria, wa kwanza hana hata senti, anarudi kwa kausha damu, na hesabu yake inaanza upya kwa riba ambayo haina huruma. Wa pili ana 20,000 kwenye sanduku. Sisemi kila deni lilipwe polepole. Deni lenye riba ya wiki kwa wiki linakula kuliko akiba yoyote inavyokua, hilo lihamishwe upesi. Ila mahali pa kulihamishia ni mfuko huu huu tunaotaka kuugawa, na tukishaugawa sioni tutamhamishia nani.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1863 mkewe alifariki. Yeye mwenyewe akaugua homa ya matumbo, macho yakazidi kufifia, na mwaka 1865 akastaafishwa akiwa na miaka 47 tu, kwa pensheni ndogo na watoto wa kulea. Hivyo mwalimu wa akiba naye alikaa akihesabu senti. Akajaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha biashara ya mvinyo. Mwaka 1866 kilitoka kitabu chake kuhusu vyama vya mikopo, na mwaka 1868 akaoa tena. Kwa kuwa alikuwa karibu kipofu, binti yake mkubwa Amalie ndiye aliyemsomea barua na kumwandikia majibu. Katika habari nyingi za Raiffeisen dada huyu anapewa mstari mmoja tu, nami kama mwanamke naona haukutosha.

Hakuwa malaika. Katika maandishi yake ya baadaye aliwatupia Wayahudi kwa jumla lawama ya ulanguzi, hali wakopeshaji wakali walikuwa wa kila dini. Hilo ni doa, tusilifiche.

Vyama vikasambaa. Mwaka 1872 akavifungulia benki ya pamoja hapo Neuwied, ili chama chenye ziada kisaidie chenye upungufu. Baada yake wazo likavuka bahari: sheria ya India ya 1904 ililifuata, na huku kwetu sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuweka ushirika katika orodha ya urithi wa binadamu.

Yeye alifariki tarehe 11 Machi 1888 huko Heddesdorf, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 70. Vyama vilivyofuata utaratibu wake vilikuwa vimefika 423, kila kimoja na mfuko wake ambao haukugawanywa.