Bingwa wa Wimbledon Mwenye Pasipoti ya Misri

Neno raia tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kundi la mifugo lililo chini ya mchungaji. Kila nifundishapo asili ya maneno, neno hili hunizulia swali: je, aliyetengana na kundi lake ni wa nani? Maisha ya mchezaji tenisi Jaroslav Drobný yanatupa jibu, nalo lahusu hata Kibera yetu.

Drobný alizaliwa Prague, nchini Chekoslovakia, mwaka 1921. Baba yake alikuwa mtunzaji wa viwanja vya klabu ya tenisi, naye mwana akaanza kwa kuwaokotea wachezaji mipira. Kufikia mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 16, alikwisha kushindana Wimbledon. Baada ya vita aling'ara pia katika hoki ya barafuni. Alikuwamo katika timu ya taifa lake iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1947, na nishani ya fedha ya Olimpiki mwaka 1948.

Sifa hizo hazikumpa uhuru. Mwezi wa Julai 1949, akiwa mashindanoni Gstaad, Uswisi, serikali ya Kikomunisti ya kwao ilimwamuru ajitoe. Alikataa, wala hakurejea nyumbani. Akawa mtu asiye na nchi. Alitafuta hati Uswisi, Marekani na Australia, asifanikiwe. Hatimaye Misri ya Mfalme Farouk ndiyo iliyompa uraia.

Misri haikumdai nasaba, nayo ililipwa kwa fahari. Alishinda ubingwa wa Ufaransa mwaka 1951 na 1952. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 32 na kwisha kushindwa fainali mbili za Wimbledon, alimlaza Ken Rosewall, kijana Mwaustralia wa miaka 19, kwa seti tatu kwa moja. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine aliyetwaa taji hilo la mchezaji mmoja mmoja akiwa raia wa nchi ya Kiafrika. Mwaka 1959 alipata uraia wa Uingereza, na akafariki London mwaka 2001.

Sasa natutazame nyumbani. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Jina lenyewe la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali rika lake wengi wa Kawangware hawakukabiliwa na kamati kama hiyo. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288.

Mgeni wa Prague alipokelewa Afrika bila kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Mzaliwa wa Kibera, ambaye makaburi ya babu zake yako papo hapo, aliulizwa. Walimu wenzangu, tunapofundisha uraia, tusiishie kwenye wajibu wa raia kwa nchi. Tuwafunze wanafunzi pia wajibu wa mchungaji kwa kundi lake, kwani vipaji vya vijana wasio na hati hupotea kabla havijaonekana.