Carlos Gardel: Mtoto wa Kuja Aliyeuimbia Mji



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi tunawaletea maisha ya mwimbaji Carlos Gardel, aliyefariki mwaka 1935. Nyimbo zake ziliutangaza mji wa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, duniani kote. Lakini yeye hakuzaliwa huko, na karatasi zake zilitaja nchi nyingine kabisa. Ndiyo maana maisha yake yana somo kwetu.

Carlos alizaliwa tarehe 11 Desemba 1890 katika mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, akaitwa Charles Romuald Gardès. Mama yake, Berthe Gardès, hakuwa na mume. Mwaka 1893 mama huyo alimbeba mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka miwili tu, wakapanda meli kwenda Buenos Aires. Huko alijipatia riziki kwa kupiga pasi nguo za watu.

Hawakuwa wageni peke yao. Sensa ya mwaka 1914 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa mji huo walizaliwa nchi za nje, wengi wao Italia na Hispania. Familia nyingi ziliishi chumba kimoja kimoja katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja. Katika mitaa ya namna hiyo ndimo ulimokulia muziki wa tango. Ndani yake mlichanganyika midundo ya watu weusi, wazao wa watumwa kutoka Afrika, pamoja na nyimbo za mashambani na za wageni wa Ulaya. Mwanzoni matajiri waliudharau.

Kijana Carlos alikulia karibu na soko kubwa la Abasto, akaanza kuimba katika mikahawa. Kwa miaka mingi aliimba na mwenzake José Razzano, hasa nyimbo za mashambani. Mwaka 1917 alirekodi wimbo uitwao Mi noche triste, na hapo mambo yakabadilika. Kabla yake tango ilikuwa zaidi ya kupigwa na kuchezwa. Tangu hapo ikawa pia ya kusikilizwa, kwani ilisimulia habari za mjini: mtaa wa zamani, mapenzi yaliyovunjika, mama anayemngojea mwanawe. Maskini wa mji wakasikia maisha yao wenyewe katika santuri.

Sasa tuje kwenye jambo la karatasi. Mwaka 1920 Gardel alijiandikisha katika ubalozi mdogo wa Uruguay kwamba alizaliwa Tacuarembó, nchini humo. Watafiti wengi wanaeleza kuwa alihofia kushitakiwa na Ufaransa, kwa sababu kama Mfaransa alipaswa kwenda jeshini wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, naye hakwenda. Kwa karatasi hizo aliweza kusafiri, na mwaka 1923 akapata uraia wa Argentina. Lakini uongo wa karatasi hauishi upesi. Mwaka 1933 aliandika wosia kwa mkono wake, akasema wazi kwamba yeye ni Mfaransa wa Toulouse, na kwamba mrithi wake pekee ni mama yake. Hata hivyo, hadi leo wapo watu wa Uruguay wanaosema alikuwa mtoto wao.

Mwaka huo huo wa 1933 aliondoka Buenos Aires, na hakurudi tena akiwa hai. Mwaka 1934, akiwa New York kutengeneza filamu, yeye na mtunzi Alfredo Le Pera walitoa wimbo Mi Buenos Aires querido, yaani Buenos Aires yangu mpendwa. Ni wimbo wa mtu aliye mbali na mji wake, anayeapa kuuona tena. Basi wimbo unaojulikana kuliko nyingi kuhusu mji huo ulitungwa ugenini, na mtu ambaye hata katika mji huo alikuwa wa kuja.

Tarehe 24 Juni 1935, huko Medellín nchini Kolombia, ndege yake iligongana na nyingine uwanjani. Alikufa yeye, Le Pera na wengine wengi. Mwili wake ulisafirishwa kwa njia ndefu hadi Buenos Aires, ukafika Februari 1936, na umati mkubwa ukamzika. Mama yake alifariki mwaka 1943, akalazwa pamoja naye.

Ndugu zangu, katika kambi yetu wapo watoto waliovuka mpaka mgongoni mwa mama zao, kama Carlos alivyovuka bahari. Wengine wamezaliwa hapa hapa. Tusiwazuie kuipenda ardhi wanayoikanyaga na kuimba habari zake, kwani mapenzi hayaombi cheti. Lakini wazazi, waambieni watoto kweli: walizaliwa wapi, lini, na nani. Yaandikeni hayo mahali pa salama. Hofu inaweza kumfanya mtu aandikishe jambo lisilo kweli, nasi tunaifahamu hofu hiyo. Gardel alipata nafasi ya kusahihisha kabla hajafa. Si kila mtu huipata.