Edward Steere, Mwanasheria Aliyeshika Mwiko

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwana akasoma sheria, akafaulu. Angaliweza kukaa raha mustarehe mjini siku zake zote, lakini aliiacha kazi ile, akawa kasisi wa shamba.

Mwaka 1864 alifika Unguja. Akajifunza Kiswahili, akawafundisha watoto waliokombolewa utumwani kupiga chapa, hata vitabu vikatoka mikononi mwao.

Mwaka 1876 aliongoza watu waliokuwa watumwa kutoka Lindi, wakaenda kwa miguu kupitia nchi ya Wamwera, ambao kwao leo ni Nachingwea na Ruangwa. Nia ilikuwa kusonga mbele kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, watu wakaona ardhi njema, wakataka kukaa papo hapo. Mkubwa wao hakuwashurutisha. Alikubali shauri lao, wakajenga na kulima kama watu huru.

Kisha akarudi Unguja. Penye soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, palikuwa pakijengwa kanisa kubwa, naye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi. Paa lake ni la mawe ya matumbawe na saruji, lisilo na boriti. Wengi walidhani litaanguka; hata leo limesimama.

Alikufa mwaka 1882, akazikwa mumo humo kanisani. Elimu yake ilikuwa nyingi, wala hakuona haya kuwa na vumbi la chokaa mikononi.