Mashuka Mawili

Kila mmoja wetu aliyelala bwenini anakumbuka usiku wake wa kwanza. Mimi nililala juu ya blanketi na nguo zangu zote mwilini, kwa kuogopa kuharibu kitanda kilivyotandikwa, na asubuhi kiranja akanicheka mbele ya watu. Aibu ile ilinipungua siku niliposoma maisha ya Booker T. Washington, yule Mwamerika Mweusi aliyejenga shule ya Tuskegee. Alipofika shule ya Hampton mwaka 1872 alikuta kitanda kina mashuka mawili, naye hakuwa amepata kulalia shuka hata siku moja. Usiku wa kwanza aliingia chini ya yote mawili. Usiku wa pili akalala juu ya yote mawili. Ndipo alipowatazama wenzake kwa kuibia, akajua ya kuwa mtu hulala katikati.

Nimeona heri niwasimulie wasomaji wetu mambo ya kwanza ya mtu huyu, maana mengi aliyoyatenda ukubwani yalitoka huko.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1856. Siku yenyewe hakuijua, wala baba yake, aliyekuwa mzungu, hakumjua. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba la bwana, na watoto walilala juu ya matambara katika sakafu ya udongo. Shati lake la kwanza lilikuwa la kitani kikavu cha daraja ya chini, ambacho kikiwa kipya huchoma ngozi kama miiba. Kaka yake John akamhurumia. Akalivaa yeye siku kadha wa kadha mpaka likalainika, ndipo akampa.

Shule aliiona kwanza kwa nje. Alikuwa akimchukulia binti wa bwana vitabu vyake mpaka mlangoni pa darasa. Pale aliwaona watoto wa kizungu wameinamia masomo, akadhani kuingia mle ni sawa na kuingia peponi. Lakini sheria ilikataza kumsomesha mtumwa, akarudi zake.

Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watumwa waliitwa mbele ya nyumba ya bwana, mgeni mmoja akawasomea karatasi ndefu, kisha wakaambiwa kuwa wako huru. Mama yake akainama akawabusu wanawe huku machozi yakimtoka. Wakafunga safari ya majuma kadha kumfuata baba wa kambo huko Malden, West Virginia, watoto wakienda kwa miguu karibu njia yote.

Huko Malden mtoto alitiwa kazini katika matanuri ya chumvi, pengine tangu saa kumi ya alfajiri. Kila mpakiaji alikuwa na namba yake, na ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Kila jioni msimamizi aliiandika juu ya mapipa yake. Basi Booker akaijua 18 kabla hajajua hata herufi moja.

Ilipofunguliwa shule ya watu weusi, baba wa kambo hakutaka kupoteza mshahara wa mtoto. Mwisho wakapatana afanye kazi tangu alfajiri hata saa tatu, kisha aende kusoma, na alasiri arudi kazini. Lakini masomo nayo yalianza saa tatu, na shule ilikuwa mbali. Hapo alitenda jambo ambalo walimu wetu wasingelipenda: asubuhi alisogeza mishale ya saa ya ofisini kutoka saa mbili u nusu hadi saa tatu, na hali wafanya kazi mia na zaidi waliifuata saa ile! Msimamizi alipogundua kuna hila, akaifungia katika sanduku. Booker mwenyewe ndiye aliyeikiri habari hii, na kwa hiyo mimi namsadiki katika mengine.

Darasani aliona wenzake wote wana kofia. Mama yake hakuwa na fedha za dukani, akaunganisha vipande viwili vya kitambaa cha nyumbani, akamshonea. Tena mwalimu alipoita majina, kila mtoto alikuwa na mawili au matatu, na yeye ni Booker tu. Zamu yake ilipofika akajitaja kwa utulivu kuwa Booker Washington, kana kwamba ndivyo alivyoitwa tangu kuzaliwa.

Habari za Hampton alizisikia ndani ya shimo la makaa, wachimbaji wawili wakizungumza. Safari ilikuwa ya maili 500 hivi. Hoteli ya kwanza aliyopata kuifikia ilimkataa kwa rangi yake, akatembea usiku kucha ili asife kwa baridi. Mjini Richmond alilala chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu, mfuko wa nguo ukiwa mto wake. Alifika Hampton ana senti 50 tu. Mwalimu mkuu wa kike, badala ya kumwuliza hesabu, alimpa ufagio na chumba cha darasa. Akakifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne. Yule mama akapitisha leso yake juu ya mbao asione hata chembe, akampokea.

Jumamosi tunapofyeka majani, wenzangu hubishana juu ya ufagio ule. Wengine hukumbusha kwamba mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, pamoja na Dr. Aggrey, ilipita hapa Uganda ikisifu elimu ya namna ya Hampton na Tuskegee, nao hawaisifu. W. E. B. Du Bois alikwisha kumlaumu Washington katika kitabu chake cha mwaka 1903, kwamba alikazania ufundi akanyamazia kura na haki. Naona lawama hiyo ni ya kweli. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliwanyang'anya weusi wengi kura, na Tuskegee i ndani ya Alabama. Baadaye ilijulikana kuwa alitoa fedha kwa siri kusaidia kesi za kudai kura, lakini mbele ya watu hakusema kwa nguvu. Nadhani aliyeingia shuleni kwa ufagio aliamini mno kuwa ufagio utafungua kila mlango.

Hata hivyo siwezi kumcheka. Alianza Tuskegee mwaka 1881 na wanafunzi 30 katika kibanda kilichovuja hata mwanafunzi mmoja akamshikia mwavuli akifundisha. Walichoma matofali yao wenyewe. Tanuri tatu ziliharibika, na kwa ajili ya ya nne akaweka saa yake rehani kwa dola 15. Na kila mgeni aliyefika bwenini alifundishwa mswaki, na kulala katikati ya mashuka mawili.

Novemba 1915 aliugua sana mjini New York. Akataka arudishwe Kusini alikozaliwa, akafika Tuskegee, na tarehe 14 akafariki. Kaburi lake liko pale shuleni, nalo wanafunzi walilijenga kwa matofali.