Elvis: Makofi Yakiisha

Leo tumwangalie Elvis Presley.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Tupelo, Marekani, katika kijumba cha vyumba viwili. Kufikia 1956 alikuwa nyota. Akanunua jumba la Graceland, lakini usingizi haununuliwi. Akategemea vidonge, tena vya kuandikiwa na daktari. Akafa 1977, miaka 42 tu! Sauti iliyowatuliza mamilioni haikumtuliza mwenyewe.

Kinachonigusa ni hiki: Grammy zote 3 alizoshinda zilikuwa za nyimbo za dini, aina ile aliyokulia nayo kanisani.

Simhukumu. Mimi mwenyewe naimba kwaya seminarini, na makofi nayapenda mno. Basi namwombea Elvis, najiombea na mimi.

Wewe je, makofi yakiisha unamkimbilia nani?