ABU ZAYD AL-BALKHI, TABIBU WA NAFSI

Miongoni mwa maulamaa ambao umma wetu umewasahau hali tungali twawahitaji, yumo Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanaosoma ilimu ya nchi na ramani wamjua kwa kitabu chake cha ramani za miji ya Kiislamu, ambacho al-Istakhri na wengine walijengea juu yake. Wanaosoma tarekhe ya ilimu za Qur'ani wamjua kwa kitabu chake juu ya mpangilio wake. Sisi twataka kumtaja kwa jambo la tatu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alikaa kitako akaandika namna ya kuwatibu watu waliougua nyoyo na fikira zao, wala hakuwaita wenda wazimu, wala hakuwaambia kuwa wameugua kwa sababu imani zao ni dhaifu.

Alizaliwa kama mwaka 235 Hijria, sawa na mwaka 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, ambao leo uko kaskazini ya Afghanistan. Babake alikuwa mtu wa Sijistan, na kazi yake ilikuwa kusomesha watoto. Abu Zayd alipokuwa kijana akatoka kwao kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, akenda Iraki kutafuta ilimu, akakaa huko miaka minane. Huko alisoma kwa al-Kindi, yule mwanafalsafa mashuhuri, akapata falsafa, nujumu na utabibu juu ya zile ilimu za dini alizokuwa nazo. Kisha akarejea Balkh, wala hakutaka tena kuuhama mji wake.

Waliomsifu wamesema alikuwa mtu wa kimo cha kadiri, mwembamba, uso wake una makovu ya ndui, mkimya, mwenye haya na utulivu. Mtawala wa Balkh alipotaka kumfanya waziri alikataa, akaridhika na kazi ya ukatibu. Uwazira akapewa rafiki yake wa tangu utotoni, Abul-Qasim al-Ka'bi. Wapokezi wasimulia kuwa waziri alikuwa akilipwa dirhamu 1,000 kwa mwezi na katibu 500, na Abul-Qasim akaamuru dirhamu 100 katika zake apewe Abu Zayd kila mwezi. Urafiki namna hii si khabari ya kupita nayo mbio, kwani tutaona kuwa Abu Zayd aliuhisabu urafiki kuwa ni dawa.

Ulimwengu haukumwacha salama. Mkuu mmoja wa jeshi aliyekuwa akimpa masurufu alimkatia alipotoa kitabu kisichompendeza juu ya taawili, na waziri mmoja wa Khurasani naye akamkatia alipotoa kitabu kingine juu ya mambo ya kuchinja na kutoa kafara. Wako waliomtuhumu hata dini yake. Aliyesimama kumtetea ni yule yule Abul-Qasim, aliyesema kuwa mtu huyu amedhulumiwa, kwamba ampwekesha Mungu, na kuwa yeye amjua zaidi ya wote kwa sababu wamekua pamoja. Desturi ya kumtoa mtu katika Uislamu kwa sababu amesoma kitabu ambacho sisi hatukukisoma si desturi ya jana, ndugu zangu.

Kuna kisa kimoja chake ambacho wengi hukisimulia kwa kuchekesha. Amiri alimwita aende kwake Bukhara. Abu Zayd akafunga safari mpaka akafika ukingo wa mto Jayhun, akayaona maji yake na mawimbi yake, moyo ukamkataa kabisa kuvuka. Akamwandikia amiri kwamba ikiwa amemwita kwa ajili ya rai njema inayosifiwa kwake, basi mtu mwenye rai njema hauvuki mto kama huu. Na akiuvuka atakuwa amefika bila ya ile rai aliyoitiwa. Amiri akacheka, akampa ruhusa ya kurejea kwao. Na mimi nacheka kila nikikumbuka, lakini nakiona kisa hiki kuwa na faida kubwa. Mtu aliyeandika namna ya kuitibu khofu aliijua khofu yenyewe, tena hakuona aibu kuikiri mbele ya mtawala. Hata mwili wake haukuwa wa chuma. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyekuwa katika zama zake, aliandika risala kueleza kwa nini Abu Zayd hushikwa na mafua kila majira ya maua ya waridi.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza, yenye milango 14, ni ya mwili: hewa, maji, nyumba, chakula, usingizi, kuoga, mazoezi. Ya pili, yenye milango minane, ni ya nafsi, na hapa ndipo alipowatangulia wengi. Alilalamika kuwa matabibu wameishughulikia miili na kuiwacha nafsi, hali mtu aweza kuishi miaka mingi asiuguwe mwili, lakini hapiti siku nyingi ila nafsi yake itaguswa na hamu au ghadhabu au kitu cha kumtisha. Na kwa kuwa mwanaadamu ni mwili na nafsi vilivyofungamana, kikiuguwa kimoja na cha pili hakina raha.

Maradhi ya nafsi aliyagawa mafungu manne: ghadhabu, khofu, huzuni, na wasiwasi. Tiba yake akaijaalia njia mbili. Ya ndani ni fikira ambazo mtu huziweka tayari wakati wa afya yake, kama mwenye nyumba awekavyo dawa kabatini kabla ya homa. Ya nje ni maneno na nasaha za mtu mwengine, kwani mgonjwa wa nafsi mara nyingi hawezi kujiona mwenyewe.

Katika khofu aliona kuwa vitu vingi twaviogopa zaidi ya madhara yake. Akapiga mfano wa mtu wa jangwa aliyefika nchi ya baridi akaona ukungu mzito mbele yake, akadhani ni kitu kigumu kisichopenyeka. Alipoingia ndani yake akaona ni hewa yenye umande tu. Basi akaamuru mwenye khofu azoeshwe kile akiogopacho, akisikie na kukiona mara kwa mara, mpaka nafsi imzoee adui yake.

Huzuni nayo aliigawa mara mbili, na huu ndio mlango ambao laiti kila imamu angeusoma. Iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotewa na mali, na hiyo hutibiwa kwa fikira na nasaha. Na iko huzuni isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo humjia mtu ikamnyima furaha na ukunjufu wa kazi, wala hajui imetoka wapi. Hii, alisema, asili yake iko mwilini, katika damu, na tiba yake yataka dawa na chakula cha kuutengeneza mwili, pamoja na maneno mazuri na wenzi wa kumchangamsha. Ilimu ya damu na nyongo aliyoitegemea imekwisha kupitwa na wakati, na dawa za leo si zile. Lakini ule mpaka alioupiga, kwamba yuko mtu mwenye huzuni asiyekosa subira wala shukrani bali ni mgonjwa, wako mpaka leo wanaoukataa juu ya mimbari.

Katika wasiwasi alizitaja kauli mbili za watu, wanaosema watoka kwa shetani na wanaosema watoka katika maumbile ya mwili, kisha akaendelea na utabibu wake. Alimkataza mgonjwa asikae peke yake, kwani upweke ndio malisho ya wasiwasi. Achanganyike na watu, ajishughulishe, na azipime fikira zake kwa rai za watu anaowaamini, akiona kuwa wao hawakiogopi kile kinachomtisha yeye.

Mlango huu niliusoma nimechelewa. Katika darsa yetu alikuwako kijana aliyekuwa akitawadha hata jamaa wakatoa salamu yeye bado yuko birikani. Nilimwambia mara mbili tatu amlaani shetani na aitie nguvu imani yake. Akaona haya, akaacha kuja msikitini. Aliyemrejesha ni daktari wa maradhi ya akili, ambaye alizungumza naye wiki baada ya wiki, akimzoesha kuosha mara tatu na kuondoka na shaka yake moyoni. Yaani mimi sheikh nilimfukuza kwa dini, na daktari akamrudisha kwa njia ambayo mwanachuoni wetu alikuwa ameshaiandika.

Abu Zayd alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, akiwa na umri wa kama miaka 87. Nakala za kitabu chake zikabaki katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul. Mwaka 1984 Fuat Sezgin, mwanachuoni wa Kituruki, akakitoa kwa picha za mkono wenyewe huko Frankfurt. Kisha Malik Badri, msomi wa Sudani wa ilimu ya nafsi, akaisoma sehemu ya pili, akaona humo tiba ya kuzitengeneza fikira ambayo madaktari wa Marekani kama Aaron Beck walianza kuipanga katika miaka ya 1960. Akaifasiri kwa Kiingereza, ikachapishwa mwaka 2013. Mwaka 2015 madaktari wawili, mmoja wao Rania Awaad wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaulinganisha mlango wa wasiwasi na vipimo vya leo vya maradhi hayo, wakaona vyakaribiana mno. Malik Badri naye alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.